Kocha Aliyekula Samaki wa Kopo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa kila chenye tumbo, anayempa mdudu riziki yake chini ya jiwe na asimsahau mwanadamu aliyelala kitandani hawezi kuinuka. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaiona karatasi, na kwa watu aliowapitisha mlangoni pangu wakala, wakanawa, wakaenda zao. Kati ya watu hao nataka kumwandika mmoja, kabla kumbukumbu yangu haijachoka.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Alikuja kama walivyokuja wengi kutoka mikoa ya mbali, akifuata dhahabu ya Kerende. Alipotoka mashimoni alikuja hapa Tarime mjini akafungua jimu ya mabati nyuma ya mgahawa wangu. Mji mzima ulimwita Kocha, na wengi hatukuwahi kuuliza jina lingine.

Mabega yake yalipita mlangoni kwa zamu, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Alitembea polepole kama aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake, na wageni waliomtazamia angurume walishangaa kusikia mtu anaongea kama yuko msibani. Vyuma vya jimu yake alivitengeneza mwenyewe: saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, bomba la maji katikati. Vijana walivibeba kwa heshima kama vimetoka Ulaya.

Miaka yote niliyomjua alitaka mambo mawili tu. La kwanza, asimame kwenye jukwaa la mashindano ya watunisha misuli kule Mwanza. La pili, asikie ladha ya chakula. Maana Kocha alikuwa haonji tena. Zebaki aliyoichoma machimboni ilikuwa imemwingia mwilini, ikamwachia mdomo unaoonja chuma na mikono inayotetemeka. Yeye alilijua hilo, mimi sikulijua mpaka baadaye sana. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi.

Siku ya kwanza aliingia mgahawani na kopo la samaki mfukoni. Aliagiza wali mweupe, bila mchuzi, akafungua kopo kwa kisu, akaenda kumwaga mafuta yake mtaroni, akarudi kukaa. Akala macho amefumba, kama mtoto anayemeza kwinini.

Mimi ni mpishi. Baba yangu alinifundisha Qurani na mama yangu alinifundisha jiko, na wote wawili walikuwa wakali. Nikamwendea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na chakula chako mgahawani kwangu?"

"Hiki siyo chakula, Mama. Ni dawa."

"Dawa inanunuliwa duka la dawa. Hiki ni nini?"

"Samaki. Tuna. Ana nyama ya kujenga mwili na hana mafuta."

"Samaki? Ziwa liko pale Musoma, sato wanaletwa kila wiki, wewe unakula samaki aliyefungwa kwenye bati?"

Akanieleza kwa adabu. Sato wa kuletwa na barafu hujui amekaa siku ngapi, na hujui ana uzito gani baada ya kutoa miiba. Kopo limeandikwa uzito wake. Mtunisha misuli anapokaribia mashindano anapima kila anachokula, na kopo halimdanganyi. Kisha kopo halihitaji jokofu. Alilizoea machimboni, ambako hata maji ya kunywa yalikuwa ya moto.

"Sawa," nikasema. "Lakini kwa nini unamla kama unaadhibiwa?"

"Kula siyo starehe, Mama. Kula ni kazi." Hilo lilikuwa neno lake, nililisikia mara nyingi baadaye akiwaambia vijana. Kisha akaongeza, taratibu, kama aliyeona aibu: "Ila ukiweza kumfanya awe na ladha, nitashukuru."

Nikachukua hiyo kazi kama nimetumwa.

Masharti yake yalikuwa magumu. Mafuta hapana. Nazi hapana. Sukari hapana. Chumvi kidogo, na mashindano yakikaribia, chumvi hapana kabisa. Mtu wa asili ya pwani akiondolewa nazi, mafuta na chumvi, amebaki na nini? Nikabaki na ndimu, Mungu aliyeiumba atukuzwe. Nilimchuja yule samaki, nikamkamulia ndimu ili harufu ya bati itoke, nikakatia kitunguu maji kilicholala kwenye ndimu mpaka kikawa cha waridi, pilipili kichaa, tango na kotimiri. Siku nyingine nilimpika na nyanya na kitunguu saumu, bila tone la mafuta, nikikoroga nyanya zitoe maji yake zenyewe. Siku nyingine niliikaanga bizari kavu mpaka ikanukia hadi barabarani, nikamnyunyizia juu. Nilimpika kwa ukwaju na pilipili manga. Nilimponda na ute wa mayai ya kuchemsha nikamfunga kwenye jani la mgomba, nikamlaza juu ya makaa. Jani linatoa maji na harufu tamu, na samaki hakauki.

Hicho cha jani la mgomba kilinijengea jina. Dereva mmoja wa lori kutoka Sirari alikionja akapiga meza: "Mathe, hii kitu iko sawa kabisa! Niongeze ingine!" Nikaanza kukiuza. Watu ambao hawakuwahi kushika kopo la samaki walikuja kuuliza "kile cha Kocha".

Kocha mwenyewe alikula, akanishukuru, akafuta mdomo. Nikamuuliza, "Je?"

"Kuna chuma, Mama."

Nilidhani ni kijiko. Nikatumia cha mbao. Kuna chuma. Nilidhani ni sufuria, nikapikia chunguni. Nilidhani ni kopo lenyewe, nikaagiza aina nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka. Kila mara alitafuna polepole, kichwa ameinamisha upande kama anasikiliza mtu anayeita kutoka mbali, kisha anasema kwa masikitiko, kana kwamba kosa ni lake: "Kuna chuma."

Jirani yangu mwenye bucha, mzee wa Kikurya mwenye ulimi mkali, alikuwa na raha kubwa na jambo hili. Alisimama mlangoni kwake na shoka begani akapaza sauti, akimwita mura, yaani kijana kwa Kikurya:

"Wewe mura! Ng'ombe wanapita hapa mpaka wanatuziba njia, wewe unakula kopo! Mwanamume mzima!"

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie! Njoo ule nyama, halafu ndiyo uniamkie!"

"Nyama yako ina mafuta, mzee."

"Mafuta ndiyo nyama, mura! Hilo lingine ni kuni!"

Kocha alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Walipendana. Mwenye bucha alikuwa hakosi kumhesabia vijana wake kila asubuhi wakikimbia kupanda mlimani, na siku Kocha asipoonekana alikuja kuniuliza mimi, akijifanya anaomba kiberiti.

Kwa vijana Kocha alikuwa mkali kwa jinsi ya pekee. Hakutukana. Kijana akija anatoa harufu ya pombe, Kocha alimpa chuma kidogo kuliko vyote, kile cha wanaoanza, akamwacha anyanyue hicho mbele ya wenzake mpaka saa ya kufunga. Aliwakataza soda, chipsi, sigara, kulala mchana. "Mwili unasikia," aliwaambia, "hata usipouambia." Lakini vijana hao wengi walikwenda Kerende siku za mapumziko kuokota mabaki ya mawe na kuyasaga, na Kocha aliyewakataza soda hakuwahi kuwatajia zebaki hata mara moja. Hilo lilinichanganya nilipojua mambo.

Na mikono yake. Alinyanyua vyuma ambavyo vijana wawili walivishika kwa pamoja, na chuma kikiwa juu kilitulia. Lakini hakuweza kumenya yai. Ganda lilimshinda, vidole vilikuwa vinacheza, yai linachanika vipande. Nikawa nammenyea mimi. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono yote miwili kama mzee, naye hakuwa amefika hata miaka arobaini. Vijana walisema ni misuli iliyochoka. Yeye aliwaachia waseme hivyo.

Nilijua siku alipougua malaria. Mwenye bucha alikuja kuomba kiberiti chake, nikaelewa, nikapakua uji nikaenda chumbani kwa Kocha nyuma ya jimu. Alikuwa amejifunika mablanketi. Juu ya jiko la mkaa kulikuwa na kikaango kidogo cheusi chenye mabaki ya samaki. Ukingo wake ulikuwa na madoa meupe yanayong'aa, kama utando wa konokono.

Kabla sijahamia mjini niliwahi kupikia wachimbaji kulekule Kerende. Madoa yale nayajua. Wachimbaji wadogo wakisaga mawe yao huchanganya unga na zebaki ili iikusanye dhahabu, kisha donge wanaliweka motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki.

"Kocha. Kikaango hiki kimechoma nini?"

"Mali, Mama."

"Ulichomea nje?"

"Nani anachomea mali nje? Moshi ule wanaujua wote. Ukichomea nje, kijiji kizima kimeshajua umepata, na watakufuata. Tulifunga mlango, dirisha tukaziba kwa blanketi. Kila mtu alifanya hivyo."

"Mkakaa humohumo ndani?"

"Mali unaiachaje peke yake?"

Nikakaa chini kwenye ndoo. Nikamuuliza kwa nini basi anapashia chakula kwenye chombo kile. Akasema kikaango hicho ndicho kilichompa jimu, na alipojaribu kukitupa aliona kama anamtupa mtu. Hata hivyo, akasema, kwa moshi aliokwisha kuvuta, kikaango kingemwongezea nini? Hospitali walishamwambia. Walipima mkojo, waliona mikono, walimwambia aache machimbo. Akawaambia ameshaacha. Daktari akamtazama, akamwambia basi wangoje, huenda mwili utaitoa zebaki wenyewe taratibu.

"Sasa hizi pilipili na ndimu zangu zote," nikasema, "ulijua hazitasaidia?"

"Sikujua, Mama. Nilikuwa nangoja. Nilisema, siku nikisikia ladha ya chakula cha Mama, nitajua napona. Ndiyo maana kila siku nilikuwa nasikiliza."

Nilimpa chungu changu, na kikaango tulikifukia siku hiyohiyo. Wiki zikapita, miezi ikapita. Hakuna kilichobadilika.

Mara moja tu tulizungumza mambo ya dini. Yeye alikuwa Mkristo na mimi namheshimu kila anayemwita Mola wake. Aliniona nikimaliza kula, nikashukuru, akaniuliza, bila ubishi wowote: "Mama, unamshukuruje Mungu kwa chakula usichokionja?" Nimesoma vitabu, nimefundisha watoto wa kike wa mji huu kusali na kufunga, najua kueleza subira kwa aya na kwa hadithi. Lakini nilimwambia tu nitalitafutia jibu. Mpaka leo sijalipata, na nimeacha kujifanya ninalo.

Hata hivyo hakuacha mazoezi. Wengine wanaiita ile imani, mimi sijui niiite nini. Mashindano ya Mwanza yalipotangazwa alianza kujikausha: chumvi ikaondoka, wali ukaondoka, akabaki na samaki wa kopo na tango, asubuhi, mchana na jioni. Ngozi yake ikawa nyembamba mpaka kila mshipa ukaonekana. Vijana walimpaka mafuta jimuni wakamzunguka wakimshangilia. Mwenye bucha alikuja kutazama, akatikisa kichwa: "Huyu mura angekuwa ng'ombe, ningemuuza bei kubwa kama bahari." Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Nilimwombea siku ya mashindano kwenye kila sala.

Video tuliiona kwenye simu ya kijana mmoja, tumebanana mgahawani, mwenye bucha amenikalia karibu begani. Kocha alitokea jukwaani, mkubwa kuliko wenzake, nasi tukapiga kelele. Kisha wakaamriwa wasimame wamekunja mikono, watulie. Wenzake wakatulia kama sanamu. Mkono wa Kocha ukaanza kutetemeka. Ulianzia kiganjani ukapanda begani, na kadiri alivyoukaza ndivyo ulivyozidi. Uso wake ulikuwa unatabasamu, maana ndivyo wanavyofundishwa, na chini ya tabasamu lile mwili wote ulikuwa unatikisika kama bati la paa penye upepo. Kuna watu kwenye ukumbi walicheka. Kijana akaizima simu kabla haijaisha.

Kocha aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, begi begani. "Walisema mwili upo, Mama. Ila hautulii."

Mwenye bucha alikata maini, akayachoma mwenyewe, akayaleta kwenye sahani na chumvi pembeni, akayaweka mbele ya Kocha. Na Kocha, ambaye miaka yote alimkatalia, alikula. Mzee alisimama anamtazama, akingoja kama mimi nilivyozoea kungoja.

"Vipi, mura?"

"Asante, mzee."

"Sikuulizi asante. Yakoje?"

Kocha akaweka kipande mezani. "Kuna chuma."

Mzee akaichukua sahani, akarudi bucha. Sikumsikia tena akimtania mtu siku ile.

Baada ya Mwanza, Kocha alifanya lile ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwakusanya vijana wake jimuni, akanyoosha mikono mbele yao, akawaacha waitazame inavyocheza. Akawaambia yote: mlango uliofungwa, blanketi dirishani, moshi. Akawaambia wasichome ndani, na kama wanaweza wasichome kabisa. Nilikuwa mlangoni, nilikuja kuchukua vyombo. Nilimuuliza siku moja kabla ya hapo kwa nini alikuwa amewaficha, akanijibu kwamba angesema wangemtazama mikono. Sasa walikuwa wanaitazama.

Kijana mmoja, si mbaya, mcheshi tu, akasema: "Lakini Kocha, wewe ulivuta nyingi kwa sababu ulipata nyingi. Sisi tutavuta nini? Hatupati kitu!"

Wakacheka. Na Kocha, Mungu amrehemu kwa hilo, akacheka nao, mabega yakipanda na kushuka. Siku za mapumziko zilipofika walikwenda Kerende kama kawaida. Mmoja aliporudi alikuja kula kwangu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimuuliza walichomea wapi. Akasema, "Ndani, Mama. Nje kuna watu."

Jimu ilipungua watu, kisha ikafungwa. Saruji kwenye makopo ikapasuka kwa mvua. Kocha alipungua pia. Mwili alioujenga kwa miaka uliondoka kwa miezi michache, mashati yakamning'inia, na siku hizo alipita mlangoni kwangu mabega yote mawili kwa pamoja. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, miguu ikavimba. Dada yake akatuma ujumbe arudi kwao akauguzwe.

Nilikwenda stendi kumuaga. Ilikuwa asubuhi yenye baridi yetu ya Tarime, wapiga debe wanaita, wanawake wanauza ndizi madirishani. Alikuwa ameshakaa ndani ya basi, kiti cha dirishani, koti limefungwa hadi shingoni. Nilimfungia samaki wa kopo kwenye jani la mgomba kama zamani. Nilimpikia haraka, basi lilikuwa linaondoka mapema. Kitunguu, ndimu, basi.

"Kula sasa, kingali moto," nikamwambia kupitia dirishani.

Akafungua jani. Vidole vilimsumbua nikanyoosha mkono nikamsaidia. Akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, kichwa upande. Nilingoja nimeshika ukingo wa dirisha. Injini ilikuwa imewashwa na basi lote lilikuwa linatetemeka, kwa hiyo siku ile usingeweza kujua mikono yake ikoje.

Akaniangalia. Macho yake yakajaa.

"Tangawizi, Mama," akasema. "Leo nimeisikia tangawizi."

Sikuwa nimeweka tangawizi.

"Alhamdulillahi," nikamwambia.

"Nyingi," akasema. "Inachoma kabisa."

"Niliizidisha makusudi."

Akaitikia kwa kichwa, akala tonge lingine, na lingine. Alikuwa bado anakula basi lilipogeuka kuelekea barabara ya Musoma. Msiba wake tuliletewa kwa simu kabla mwezi ule haujaisha. Sijui kama alinidanganya ili niondoke stendi na moyo mwepesi, au kama ulimi wake ndio uliomdanganya yeye.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako na moshi usiouona. Akupe riziki ya halali inayochimbwa mchana mbele za watu bila hofu. Akuwekee mtu wa kukusindikiza siku ya safari yako, na mtu huyo akishindwa kukuponya, asikuache peke yako. Amina.